Kisu Chenye Jina Langu

Asubuhi niliyopanda gari kwenda Mbinga kununua kisu, sikuwa na nia ya kumdhuru mtu. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu walidai nilikwenda kule nikiwa nimepanga. Sikupanga. Hasira nilikuwa nayo, hilo silikatai, lakini ilikuwa hasira ya mwaka wa tatu, ninayoamka nayo na kulala nayo kama mtu mwenye jino bovu asiye na nauli ya kwenda kuling'oa.

Mimi ni mwanamke wa ziwani. Kazi yangu ni samaki. Natumbua, napaa magamba, nakata minofu kwa ajili ya wanaonunua mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, pale Mbamba Bay, na siku zisizo na samaki wakubwa naanika usipa, dagaa wa ziwa letu. Kabla ya hapo nilifanya kazi miaka minne jikoni kwenye hoteli moja ndogo ya ufukweni, na huko ndiko nilikojua kisu ni nini. Mwenye hoteli alikuwa ameagiza visu vitatu kwa mhunzi mmoja wa Mbinga, mtu anayefua visu kwa springi za malori makuukuu. Kirefu kuliko vyote kilikuwa cha samaki wakubwa, mbasa na kambale. Nilipokishika mara ya kwanza nilihisi kama mkono wangu umeongezewa kidole. Kilipita kwenye mgongo wa samaki bila kukwaruza mfupa, na mnofu ukaanguka mzima, umelala upande wake kama mtoto aliyeshiba.

Aliyenifundisha kukitumia alikuwa mpishi mkuu, mwanamke wa kijiji chetu aliyenizidi miaka kama kumi. Nilimwita dada. Alinitafutia ile kazi, akanionyesha namna ya kuweka kidole cha shahada juu ya bapa, akanifunika kwa khanga yake siku nilipopata homa pale pale jikoni. Nilimpenda. Kama nisingempenda, yaliyofuata yasingeniuma hivyo.

Siku moja asubuhi kisu kirefu hakikuwepo ukutani. Tulikitafuta kwenye masinki, kwenye ndoo za maganda, mpaka chini ya jiko la mkaa. Dada ndiye aliyekwenda kumwita mwenye hoteli. Nikamsikia akisema, kwa sauti ya upole kabisa, "Mimi simtuhumu mtu, bosi. Ila jana wa mwisho kukishika alikuwa mdogo wangu huyu."

Waliumimina mkoba wangu kwenye meza ya barazani, mbele ya wageni waliokuwa wakinywa chai. Ikaanguka khanga, nusu mkate, kitana, na vitambaa vyangu vya siku za mwezi. Mgeni mmoja aligeuza uso, na ule uungwana wake ulinichoma kuliko kama angecheka. Kisu hakikuwemo. Dada akasema, "Mtu hawezi kukaa nacho mkobani mpaka leo. Atakuwa amekwisha kukiuza." Nilimtazama. Alikuwa akifuta mikono yake kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

Nilifukuzwa kabla chai yao haijapoa.

Kijiji chetu si kikubwa. Kufikia jioni nilikuwa nimepata jina jipya, Mama Kisu, na wale wanawake wa mwaloni niliokuja kufanya kazi nao baadaye walikuwa wakinidhihaki: nikipita, mmoja anaficha kisu chake chini ya makalio na wenzake wanaangua kicheko. Kanisani, umoja wa akina mama uliniomba nipumzike kidogo kwenye zamu ya kupamba altare. Kidogo hicho hakikwisha. Miezi michache baadaye dada akaacha kazi hotelini, akahamia Mbinga mjini na kufungua mgahawa wa samaki. Nikasikia unajaa watu mchana.

Nisiwadanganye kwamba nilisamehe. Nilimwombea mabaya. Niliomba mafuta yake ya kukaangia yashike moto. Niliomba mfupa wa samaki umkwame mteja mkubwa, mtu wa ofisini, mbele ya wenzake. Mezani kwangu nilikuwa na kisu kidogo tu cha mhunzi yule yule, nilichokinunua kwa wakala aliyekuwa akiviteremsha sokoni kwetu, na kila nilipomkata kambale kichwa nilikuwa na mtu moyoni. Basi kisu hicho kikaliwa na kinoo hadi kikawa chembamba kama jani la mchaichai, na wakala akawa haji tena. Ndipo nilipoamua kupanda mwenyewe mpaka kwa mhunzi.

Nilikuwa nimemtukuza mtu huyo kwa miaka bila kumwona, kwa hiyo njia nzima, gari likipanda milima na baridi ikiingia kwenye mikono ya blauzi, nilikuwa nikijiuliza kwake kukoje. Kulikuwa na ukuta wa tofali za kuchoma pembeni mwa mji, njia ya kwenda Mkumbi, na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: MAKAO MAKUU NA DUKA LA KIWANDA. Hana tawi lingine popote. Nilimpenda zaidi kwa kibao kile.

Duka lilikuwa mbele, karakana nyuma, na kati yao mlango usio na ubao, hivyo mnunuzi anaona chuma chake kinakotoka. Ukuta mzima ulikuwa visu. Vya jikoni, vya bucha, vya kupogolea kahawa vilivyopinda ncha, miundu, mapanga, na rafu moja ya chini yenye vidogo vya kumenyea viazi. Vyote vilikuwa na alama yake karibu na mpini, kijimwezi kilichogongwa kwa patasi. Wakulima wawili wa kahawa walikuwa wakijaribu makali kwenye nywele za mikono yao. Nyuma kule feni ilikuwa ikivuma kwenye makaa, springi za malori zimerundikwa kama mbavu za ng'ombe, na harufu ya oili iliyochovywa chuma cha moto ilinijaa puani. Nilisimama pale nikaisahau hasira yangu. Nadhani kwa muda wa robo saa nilikuwa mtu mwenye furaha.

Mhunzi mwenyewe alitoka akijifuta jasho. Mzee mfupi, kifua kipana, masikio yameharibiwa na nyundo, kwa hiyo anazungumza kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba! Unataka cha nini?"

"Cha samaki. Samaki wakubwa wa ziwani."

"Nionyeshe mkono!"

Nikampa mkono. Akaupima kwa kiganja chake, akaugeuza, akasema mimi si mtu wa mpini wa duka, nahitaji mpini uliochongwa. Akaniita nyuma nichague mti. Na pale kwenye meza ya kazi, kati ya visu vilivyoletwa kutengenezwa, nikakiona.

Mpini wake ulikuwa mwingine, kipande cha mbao laini kilichopigiliwa misumari miwili, na ulikuwa umepasuka. Lakini bapa nililijua. Karibu na ncha palikuwa na pengo dogo kama punje ya mtama, nililolifanya mimi siku kisu kiliponiponyoka kikagonga sakafu. Nilikinyanyua bila kuomba ruhusa. Kidole cha shahada kikaenda chenyewe mahali pake.

"Weka chini hicho!" mzee alisema. "Kina mwenyewe."

"Ni nani?"

"Mama wa mgahawa. Anakuja kukichukua Jumamosi. Anasema alikinunua hapa, lakini mimi simkumbuki, na kisu kirefu namna hii sijauza dukani. Ona alivyokifanya! Misumari!"

Nikakaa kwenye rundo la springi. Nikamwomba auvue ule mpini atazame shina la chuma lililofichwa ndani. Nilijua, kwa sababu mwenye hoteli alituambia alipovileta, kwamba visu vyake vitatu viligongwa nukta, kimoja nukta moja, cha pili mbili, kirefu tatu. Mzee alinitazama kama anayetazama mtu mwenye kifafa, lakini akachukua koleo. Misumari ilitoka kirahisi. Akasugua kutu kwa kidole gumba, akasogea mlangoni penye mwanga.

Nukta tatu.

Hapo nikamweleza yote, kwa kupiga kelele kwa sababu hasikii, na wale wakulima wawili wakasikia, na vijana wake wa nyundo wakasikia. Sikulia. Nilipofika kwenye mkoba uliomiminwa mezani, mzee aliinua mkono niishie hapo. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini si kwa huruma. Alikuwa amekasirika kwa ajili ya kisu.

"Amekuja hapa," alisema, "amesimama hapo ulipokaa wewe, akaniambia mimi, mbele ya kazi ya mikono yangu, kwamba nilimuuzia."

"Baba," nikasema, "wateja unawachongea majina?"

"Nawachongea."

"Kichongee hicho jina langu."

Akakataa. Akasema hachongi jina la mtu kwenye kisu cha mtu mwingine, angekuwa naye mwongo. Nikamwambia mwenye kisu ni hoteli, si yule mama, na kwamba mimi nilitangazwa mbele ya watu kuwa ndiye niliyekiiba. Basi kibebe jina la mwizi wake. Dada akikitaka, akichukue hivyo hivyo, akate nacho samaki kila siku ya maisha yake huku akinisoma.

Mzee aligeuza bapa mkononi. Mmoja wa wale wakulima akasema taratibu, "Huyu mama ana moyo mchungu." Mzee akamsikia, kwa mara moja hiyo, akajibu, "Hata mimi."

Akachukua patasi ndogo na nyundo ya kugongea alama. Akaniuliza jina, akaniuliza la baba, akaniuliza la babu. Aliyachonga yote matatu, nukta baada ya nukta, kwa herufi kubwa, katikati kabisa ya bapa. Ilichukua muda mrefu. Kisha akakitengenezea mpini mpya wa mninga, akaufunga kwa ribiti za shaba, akaung'arisha. Hakutaka kisu chake kiende vitani kimevaa matambara.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nililala Kitura kwa binamu yangu, na Ijumaa nzima nikamsaidia kuchuma kahawa shambani. Vidole vilikuwa kwenye matawi, akili iko dukani. Binamu yangu ni Mkatoliki wa kusali rozari alfajiri, naye aliniambia, "Mdogo wangu, mwachie Mungu."

"Nimemwachia miaka mitatu," nikasema. "Sasa nampokea."

Alihamia mstari mwingine wa kahawa.

Jumamosi nilifika dukani wakati mzee anafungua. Nikakaa kwenye benchi la pembeni, nyuma ya miundu iliyoning'inizwa. Watu walikuwa wengi, siku za mavuno wanafika kutoka Mapera na vijiji vya huko juu. Nilikuwa nimejifunga ile khanga iliyomiminwa kutoka mkobani. Niliivaa kwa makusudi, na njiani niliona aibu kwa utoto huo, lakini sikuivua.

Dada alikuja karibu na saa nne. Amenenepa, amependeza, ana pochi nyekundu. Alimwamkia mzee kwa adabu zote, akauliza kama kazi yake iko tayari. Mzee alikitoa kisu chini ya meza kimefungwa kwenye gazeti, akakifunua mwenyewe.

"Hakikisha, mama!"

Kwanza aliuona mpini, akatabasamu. Akasema, "Ah, baba, umekifanya kipya." Kisha akakigeuza. Nilimwona akisoma. Midomo yake ilitembea kwenye jina la kwanza, ikatembea kwenye la pili. La tatu hakulimaliza.

Nikasimama.

"Shikamoo, dada."

Ipo salamu ambayo mtu aliyelelewa hawezi kuiacha ianguke chini. Alifungua mdomo mara mbili. Duka zima lilikuwa limegeuka kututazama, maana wale wakulima wawili walikuwa wamerudi na walikuwa wamewaambia wengine.

"Marahaba," alisema.

"Chukua kisu chako. Si ulisema mimi ndiye niliyekiiba? Sasa hakuna atakayebisha. Kina jina langu."

"Mdogo wangu, tutoke nje tuongee."

"Mimi sikutolewa nje siku ile. Tuongee hapa."

Akatazama nyuso za watu kama anayetafuta mlango. Kisha akazungumza upesi upesi, akinisogelea, akinishika mkono. Alisema alikuwa amekwisha pata chumba cha mgahawa, kila kitu kilikuwa tayari, akakitamani kile kisu tu, kisu kimoja, baada ya kazi ya miaka yote ile. Alidhani hakitatafutwa. Kilipotafutwa, akaogopa. "Wewe ulikuwa bado kijana," akasema. "Nilijua utapata kazi nyingine. Mimi ningepata wapi?"

Nilikuwa nimengoja maneno mengi kwa miaka mitatu, lakini hayo sikuyatarajia. Kwamba hakunichukia. Kwamba alinipima tu, kama mtu anavyopima samaki wawili kwa macho, akaona mimi ndiye wa kutupwa.

"Niombe msamaha," nikasema. "Kwa sauti. Baba huyu hasikii vizuri."

Akaomba. Mzee, namshukuru mpaka leo, akaweka kiganja nyuma ya sikio na kusema, "Sijakusikia, mama!" Akaomba tena, akilia sasa, pochi imemning'inia kwenye kiwiko. Mtu mmoja nyuma yangu akaguna, "Inatosha jamani." Sikuona kama inatosha. Nilimwambia, "Kichukue basi kisu, wateja wanakungoja." Akakitazama pale juu ya gazeti, akatikisa kichwa, akatoka. Alikwenda kwa miguu, ingawa bodaboda tatu zilikuwa zimesimama mlangoni.

Mzee alinitengenezea kisu changu mwenyewe siku hiyo hiyo, cha inchi kumi na mbili, mpini wa kiganja changu. Nilishuka ziwani na visu viwili.

Jumatatu nilikwenda hotelini, nikakiweka kile kirefu kwenye meza ya mwenye hoteli. Alikitambua kabla hajasoma. Alipokwisha kusoma nilimsimulia, na nikampa namba ya mzee ya simu athibitishe. Alipiga pale pale. Niliisikia sauti ya mzee ikipasua simu mpaka upande wangu wa meza. Mwenye hoteli alikata, akavua miwani, akasema, "Mama, tulikukosea. Rudi kazini. Hata kesho. Uwe mpishi mkuu."

Nilikuwa nimeifikiria saa hiyo mara nyingi, na katika fikra zangu nilikuwa nakubali. Lakini niliyatazama mazulia yale, na ile meza ya barazani iliyoonekana mlangoni, na nikaona kwamba kumkatalia kutanishibisha zaidi.

"Sirudi," nikasema. "Nilitaka tu uniombe."

Akauliza basi akifanye nini kisu. Nikamwambia akirudishe jikoni, ukutani, mahali pake. Ni mali yake. Najua kipo mpaka leo, na wapishi wapya wanauliza huyo mwanamke ni nani, na wazee wa jikoni wanawasimulia. Mwenyekiti wa umoja wa akina mama naye alikuja nyumbani na maandazi, akaniambia zamu ya altare ni yangu nikitaka. Nilipokea maandazi.

Huko Mbinga, nikasikia, mgahawa ulikosa watu kwa muda. Wengine walikuwa wakiingia wanamuuliza dada kwa sauti kama samaki huyu ana mwenyewe. Aliyeniambia alidhani nitacheka, nikacheka.

Ilipita kama miezi miwili. Nilikuwa nyuma ya nyumba nageuza usipa kwenye chanja, jua kali, simu ikalia, namba siijui.

"Ni mimi," akasema dada. Sikumwamkia. "Nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Umefurahi sasa?"

Niliifikiria kweli kweli, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Nilijitafuta majuto ndani kama mtu anayetafuta funguo, mfuko huu na mfuko ule. Yapo yaliyokuwemo: uchovu, na kitu kama ukiwa, maana hakuna tena aliyebaki duniani ninayemwita dada kwa namna ile. Majuto sikuyakuta.

"Ndiyo, dada," nikasema. "Nimefurahi."

Hakukata, na mimi sikukata. Nilisikia mafuta yakitatarika upande wake, na mtu akiagiza ugali na magege wawili, na yeye akijibu, mbali kidogo na simu, "Nakuja." Kisha simu ikakatika, nikaendelea kugeuza usipa upande wa pili.